Kontrola ndogo au PLC? Maswali tunayoulizwa mara kwa mara Arusha na Moshi

Sisi ni watengenezaji wa paneli za umeme. Wateja wetu ni wenye visima, mashine za kusaga, wasindikaji wa maziwa, mashamba ya mboga na maua, na mafundi wanaowahudumia, kuanzia Usa River hadi Pasua. Maswali tumeyaacha kama yanavyoulizwa.

Tofauti yenyewe ni ipi?

Kontrola ndogo na PLC (kompyuta ya viwandani inayoendesha mashine kwa programu) zinafanya kazi ileile: zinasoma swichi na sensa, zinapitia programu, zinawasha au kuzima vitu, kisha zinaanza upya, mara nyingi ndani ya sekunde moja.

Kontrola ndogo ni kama LOGO! ya Siemens, Zelio ya Schneider au easy ya Eaton. Mafundi wengi huziita zote LOGO, na hapa dukani tunaelewana hivyohivyo. Inakaa kwenye reli ya ndani ya paneli, pembeni ya breka, ina kioo kidogo na vitufe, na muda wa taima unaweza kuubadilisha pale pale bila kompyuta. LOGO! 8 ya msingi ina inputi 8 (sehemu za taarifa kuingia) na autiputi 4 (za amri kutoka). Ukiongeza moduli, yaani vipande vya ziada vya pembeni, unafika inputi 24 na autiputi 20 za dijitali (ndiyo au hapana), pamoja na analogi (za vipimo kama joto au presha) 8 za kuingia na 8 za kutoka. Hapo ndipo mwisho wake. Programu nayo haizidi bloku 400, yaani vipande vya kuijengea.

PLC ni kama S7-1200 ya Siemens, Modicon M221 ya Schneider, FX ya Mitsubishi au DVP ya Delta. Haina kioo usoni, inahitaji kompyuta ili kuiingilia, na inapanuka zaidi. Watu hudhani PLC ndiyo teknolojia mpya na kontrola ndogo ni ya kizamani. Ni kinyume chake. PLC ilizaliwa baada ya General Motors, mwaka 1968, kutafuta kitu cha kuondoa makabati yaliyojaa rilei, yaani swichi ndogo zinazovutwa kwa umeme. Dick Morley na wenzake wakatengeneza Modicon 084. LOGO! imeingia sokoni mwaka 1996.

Kiwanda chetu ni kikubwa. Si lazima tuwe na PLC?

Hapana. Ukubwa wa kiwanda hauhusiki, wala ukubwa wa mota. Kontrola haiendeshi mota, inaendesha koili ya kontakta, yaani swichi kubwa ya kuwashia mota. Mota ya 75 kW na ya 0.75 kW zikianzishwa kwa kontakta, kwake ni waya mmoja tu.

Linaloamua ni aina ya taarifa inayoingia na kutoka. Kama kila kitu ni ndiyo au hapana (tanki limejaa, mlango umefungwa, ovalodi (kinga ya mota kuzidiwa) imekata, muda umeisha), kontrola ndogo inatosha, hata kama jengo lina ekari mbili. Kama kuna vitu vya kupimwa kila wakati, kuhesabiwa haraka, kurekodiwa, au mashine kuzungumza na mashine nyingine kwa waya wa mawasiliano, anza kufikiria PLC. Kwa kazi nyingi tunazoletewa, jibu ni kontrola ndogo, na tunalisema hilo ingawa PLC ingetuingizia zaidi.

Mzee ana kisima Njiro, tanki liko juu mlimani. Fundi mmoja amemwambia PLC. Ni kweli?

Si kweli, isipokuwa kama kuna jambo hatujaambiwa. Tuhesabu pamoja. Floti ya juu ya tanki, floti ya chini, elektrodi ya kisima ili pampu isikimbie kavu, rilei ya kulinda fezi, mguso wa ovalodi, swichi ya otomatiki na mkono, kitufe cha kufuta hitilafu. Hizo ni inputi 7. Zinazotoka ni kontakta ya pampu, taa ya hitilafu na king'ora, yaani 3. Kontrola ya msingi yenye 8 na 4 inabaki na nafasi. Hata akiongeza pampu ya pili zibadilishane zamu, moduli moja inamaliza kazi.

Kazi kubwa hapo iko kwenye programu. Kisima kikikauka, usiiruhusu pampu iwake mara tu maji yanapogusa elektrodi. Kipe nusu saa maji yarudi, la sivyo itawaka na kuzima mpaka koili ichoke. Umeme ukirudi baada ya kukatika, subiri dakika mbili tatu kabla ya kuwasha, kwa sababu jirani zako wote kwenye transfoma hiyo wanawasha vyao dakika hiyohiyo. Kama pampu ni nyingi, kila moja ipewe kuchelewa kwake.

Halafu kuna waya wa floti, na hapa ndipo mafundi wazuri wanapoaibika. Kontrola ya 230V inapokea 230V kwenye inputi zake moja kwa moja, jambo linalopendeza kwa sababu hununui pawa saplai. Lakini inputi hizo zinaridhika na mkondo mdogo mno, chini ya miliampia 1. Ukivuta waya mita 300 kupanda mlimani, sambamba na waya wa moto, waya wenyewe unabeba umeme wa kutosha kuidanganya inputi. Floti imefunguka, lakini kontrola inaona bado imefunga, na tanki linamwagika usiku kucha. Mtengenezaji wa LOGO! anaweka kikomo cha mita 100. Kwa umbali wa Njiro ya juu, tumia 24V kwenye mstari wa floti, au weka rilei ya kawaida katikati, ambayo koili yake inahitaji mkondo wa maana kabla ya kuvuta. Rilei moja ya bei ya chini inamaliza kesi.

Na kama pampu inaendeshwa na sola, soma kwanza kitabu cha kontrola ya sola yenyewe. Nyingi zina sehemu ya kufunga floti na kinga ya kukimbia kavu. Huenda huhitaji kununua chochote kwetu.

Tunajaza maji kwenye chupa. Kontrola ndogo itahesabu chupa?

Inategemea kasi na inategemea umechukua ipi. Inputi za 230V za LOGO! zinaweza kuhesabu takriban mara 4 tu kwa sekunde. Chupa 60 kwa dakika ni moja kwa sekunde, kwa hiyo karatasini uko salama. Lakini chupa zikigusana kwenye konveya, nafasi kati ya moja na nyingine ni ya kufumba na kufumbua, na sensa ikiwa imefungwa kwenye inputi ya 230V itaziona chupa tatu kama moja. Chukua ya 24V. Hiyo ina inputi nne za haraka, I3 hadi I6, zinazofika mipigo 5,000 kwa sekunde.

Hapo utasema tatizo limekwisha. Kwa kuhesabu chupa, ndiyo. Kwa kubandika lebo mahali palepale kila mara, bado. Enkoda ya kawaida, yaani sensa ya kupima mzunguko wa roli, inatoa mipigo 1,000 kwa mzunguko mmoja; roli ikizunguka mara 600 kwa dakika, ni mizunguko 10 kwa sekunde, yaani mipigo 10,000. Kontrola ndogo imeshapitwa. S7-1200 ina kaunta zinazofika mipigo 100,000 kwa sekunde, na lebo, kukata karatasi kwa kipimo au kusimamisha mkono wa mashine kwenye milimita ileile ni kazi yake. Hapa usibembeleze, nunua PLC.

Nasindika maziwa. Kuna joto la kudhibiti. Ipi?

Swali hili tunalipenda, kwa sababu mpaka kati ya hizi mbili unapita katikati ya kazi yako.

Ukichemsha kwa mafungu, yaani maziwa ndani ya tanki hadi nyuzi 63 kwa dakika 30, kontrola ndogo yenye moduli ya PT100 (sensa ya joto) inatosha kabisa. Inasubiri joto lifike, inaanza kuhesabu, joto likishuka inasimamisha hesabu, ikimaliza inafungua maji ya kupoza. Ukitumia njia ya mtiririko, nyuzi 72 kwa sekunde 15, mambo ni mengine: joto linapaswa kushikiliwa wakati maziwa yanatembea, lazima kuwe na vali ya kurudisha maziwa ambayo hayajafikia joto, na lazima kuwe na rekodi. Hiyo ni PLC yenye skrini.

Sasa tahadhari moja, kwa wote. Kuna watu wanafunga hita kwenye autiputi ya rilei na kuiacha iwake na kuzima ili joto litulie. Rilei ya namna hiyo hukadiriwa kustahimili takriban mara 100,000 za kuwaka na kuzima ikiwa na mzigo kamili. Ikiwaka kila sekunde 10, kwa siku ni mara 8,640. Gawanya mwenyewe: siku 12 hazifiki. Na rilei ikifa mara nyingi inaganda ikiwa imefunga, hita haizimi, na maziwa unayamwaga. Tumia kontrola yenye autiputi za transista iendeshe rilei isiyo na miguso, yaani SSR, au acha pengo la nyuzi moja mbili kati ya kuwasha na kuzima ili rilei ipumzike. PLC yenye autiputi za rilei ina ugonjwa huohuo, kwa hiyo kununua PLC peke yake hakukuponyi.

Na usidanganywe kwamba PLC inasoma analogi kwa usahihi zaidi kwa sababu tu ni PLC. Analogi zilizojengwa ndani ya S7-1200 ni za biti 10, zinagawanya kipimo katika hatua 1,024. LOGO! inatoa namba kutoka 0 hadi 1,000. Ni ndugu. Ukitaka zaidi, kwenye PLC unanunua moduli ya analogi.

Mtambo wa kuchuja maji wa RO, ule wa kuyasukuma maji kupitia utando?

Maji mengi ya visima kuzunguka Mlima Meru yana floraidi nyingi, na Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi miligramu 1.5 kwa lita, kwa hiyo mitambo hii tunaikuta kwenye hoteli, shule na viwanda vya maji. Mtambo mdogo wenye swichi za presha ya chini na ya juu, vali ya kusuuza na pampu moja: kontrola ndogo. Ukitaka kuona ubora wa maji kwenye skrini, kuhifadhi kumbukumbu, na kuendesha VFD (kifaa cha kubadilisha kasi ya mota) kwa waya wa mawasiliano: PLC. VFD nyingi za bei ya kawaida huzungumza Modbus RTU, lugha ya mawasiliano ya mashine, kupitia waya wa aina ya RS-485. LOGO! za karibuni zina Modbus, lakini ni ile ya kupitia Ethernet, na tundu la RS-485 hazina.

Umeme wetu unashuka jioni. Ipi inastahimili?

Karibu zinalingana. LOGO! ya 230V inafanya kazi kutoka volti 85 hadi 265, na S7-1200 ya umeme wa AC nayo ni hivyohivyo. Anayekuangusha ni kontakta. Koili ya kontakta inahitaji angalau asilimia 85 ya volti zake ili ivute vizuri, yaani kama 195V kwa koili ya 230V. Mwisho wa laini, saa moja jioni, ukipima 175V, kontrola inaendelea kwa raha huku kontakta inanguruma na miguso yake inaungua. Halafu mwenye mashine anasema LOGO imekufa.

Dawa ni rilei ya kupima volti na fezi, ifungwe kwenye inputi, na programu izime kila kitu kwa utaratibu volti zikishuka. Kwa radi za masika weka kinga ya mawimbi ya umeme kwenye paneli kuu, na ardhi ya kweli. Fimbo fupi iliyochomekwa kwenye changarawe kavu haikusaidii kitu.

Umeme ukikatika, programu itafutika?

Kwa kontrola ndogo na PLC za sasa, hapana, inakaa kwenye kumbukumbu ya kudumu. Ila hesabu za kaunta na muda uliokwisha pita zitafutika kama fundi hakuzichagulia kuhifadhiwa. Ni alama ya kuweka kwenye programu, na wengi huisahau. Saa ya ndani ya LOGO! 8 hudumu kama siku 20 bila umeme. PLC nyingi za zamani, hasa za mtumba, hutunza programu kwa betri. Betri ikifa, nayo programu imekwenda.

Kuna PLC za mtumba kwa bei nzuri. Tununue?

Kwa kujifunzia, nunua. Kwa uzalishaji, nunua mbili zinazofanana au usinunue kabisa, na kabla ya kulipa hakikisha una programu ya kompyuta inayoifungua na kebo yake. Kebo ya kontrola ya zamani inaweza kukusumbua kuliko kontrola yenyewe.

Kwa nini nisitumie Arduino? Kijana wangu anaijua.

Kwa mfano wa darasani au banda la kuku, sawa. Kwenye paneli yenye kontakta, bodi tupu ya 5V itazimika au kuchanganyikiwa kila koili inapoachia, na siku kijana akienda chuo Dodoma hakuna fundi atakayekubali kuigusa. Kampuni ya Arduino yenyewe inatengeneza Opta, kontrola ya viwandani ya kukaa kwenye reli. Kama kijana anaipenda familia hiyo, aanzie hapo.

Bei zinatofautianaje?

Hatuandiki bei hapa kwa sababu zinabadilika na dola. Ila usilinganishe bei ya boksi kwa boksi. Kwa PLC ongeza pawa saplai ya 24V, moduli, skrini, leseni ya programu na saa za fundi wa kuiandikia. Leseni inatofautiana sana: programu ya M221 na WPLSoft ya Delta hupakuliwa bure, TIA Portal ya S7-1200 inalipiwa baada ya siku 21 za majaribio. Zelio Soft ni bure.

Kwa upande wa chini: kama kazi inahitaji taima moja na rilei mbili, nunua taima na rilei. Kontrola ndogo inaanza kulipa pale taima zinapofika mbili na rilei nne au tano, kwa sababu nafasi kwenye paneli, waya na muda wa kufunga navyo ni pesa.

Jambo ambalo watu hawaliweki kwenye hesabu ni spea. Kiwanda kikisimama Ijumaa jioni, unataka kifaa kinachopatikana Arusha, au kinachoweza kuja na basi la usiku kutoka Dar es Salaam, au kuvuka Namanga kutoka Nairobi. PLC nzuri isiyo na spea karibu ni mbaya kuliko kontrola ya kawaida iliyoko dukani. Tunawashauri wateja wa kontrola ndogo wanunue ya pili, iwekwe programu ileile, ikae kabatini. Kwa PLC ushauri huo unauma mfukoni, lakini kwa kiwanda kinachofanya kazi saa 24 bado tunautoa.

Fundi wa kwanza ameweka nenosiri na hapokei simu. Mnaweza kulifungua?

Hapana, na hatujaribu. Mara nyingi suluhisho ni kuandika programu upya kwa kufuata jinsi mashine inavyofanya kazi, na utailipia kama kazi mpya. Kwa kontrola ndogo ni kazi ya siku moja au zaidi kidogo. Kwa PLC ya mashine kubwa inaweza kuwa wiki kadhaa. Hii ndiyo sababu ya kumwambia fundi kabla hujamlipa malipo ya mwisho: nipe faili la programu lenye maelezo yake, michoro ya waya na nenosiri, kwenye flashi na kwenye barua pepe yangu. Usikubali jibu la "ukihitaji utanipigia".

Kitufe cha dharura nikifunge kwenye inputi tu?

Hapana. Kitufe cha dharura kikate umeme wa kontakta moja kwa moja kwa waya, na kama mashine inaweza kumkata mtu mkono, tumia rilei maalumu ya usalama. Waya wa pili upeleke kwenye inputi ili kontrola ijue kilichotokea, basi. LOGO! si kifaa cha usalama, na PLC ya kawaida pia si kifaa cha usalama. Zipo PLC za usalama, zina aina yake na bei yake. Mkaguzi wa OSHA akija ataangalia hilo, lakini hata asipokuja.

Ya kubadilisha umeme wa TANESCO na jenereta?

Nunua kontrola iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, na hakikisha kontakta mbili zina kifungo cha kimakanika kinachozizuia kufunga pamoja. Tunaweza kuifanya kwa LOGO, ila hatuoni sababu.

Moshi ni joto na mashine yetu ya kusaga ina vumbi. Itadumu?

Nyingi zinaruhusiwa hadi nyuzi 55, lakini hizo ni nyuzi za ndani ya paneli. Paneli ya chuma iliyopakwa rangi nyeusi, ukutani upande wa jua la mchana, mwezi wa Februari, inafika huko bila shida. Isogeze kivulini, iwe ya rangi ya kijivu chepesi, na VFD isikae chini ya kontrola kwa sababu joto lake linapanda juu. Kwa vumbi la unga, paneli ifungwe vizuri, na feni isiyo na chujio usiitumie, itakuwa inakuvutia unga ndani.

Nataka kujifunza. Nianze na ipi?

Anza na kontrola ndogo. Zelio Soft na toleo la majaribio la LOGO! Soft Comfort zote zina uigaji, unaandika programu na kuijaribu kwenye kompyuta kabla hujanunua kifaa. Andika kwa ngazi, maana mchoro wa ngazi ni uleule wa kontakta na rilei ulioujua VETA, na utakuhamisha hadi PLC bila kuanza upya: ngazi ni mojawapo ya lugha za IEC 61131-3, kiwango cha kimataifa cha kuandikia programu za PLC. Chuo cha Ufundi Arusha kina kozi za umeme na otomatiki kwa anayetaka cheti. Kufunga kwenye majengo ya watu kunahitaji leseni ya EWURA, programu ikupendeze vipi.

Nikija kuulizia, nije na nini?

Orodha ya kila swichi, sensa, mota, vali na taa, hata kama umeiandika nyuma ya risiti. Picha ya kibao cha kila mota. Umbali wa waya mrefu kuliko zote. Na volti ulizopima saa moja jioni, si saa nne asubuhi.